Naambiwa nisaini kwamba malalamiko 41 yamefungwa, na mengi hayajajibiwa. Mngefanya nini?

Sanduku la Ndosho

Jambo yenu nyote. Niko Goma, upande wa Ndosho. Kazi yangu ni kushika sanduku la malalamiko katika shirika dogo la wenyeji. Pesa tunazipata kupitia shirika kubwa kutoka nje, na tunaowahudumia ni wadeplase, yaani wakimbizi wa ndani, waliobaki mjini tangu kambi zilipovunjwa Februari 2025. Wengine wamepokelewa na jamaa, wengine wamepanga chumba kimoja watu tisa. Tunachogawa ni turubai, masufuria, sabuni, na kwa familia chache pesa kwa njia ya simu.

Sanduku lenyewe ni la mbao, lina kufuli, limepigiliwa kwenye ukuta wa kituo cha afya. Nalifungua kila Alhamisi mchana nikiwa na mwenzangu mmoja. Kwa miezi mitatu nimetoa humo karatasi 41. Nyingine si karatasi, ni ganda la sabuni lililoandikwa kwa kipande cha makaa. Wengi wanaandika kama wanavyosema, Kiswahili kimechanganyika na Kihunde au Kinyarwanda, kwa hiyo kila moja naisoma mara mbili: kwanza kimya, halafu kwa sauti, maana kuna maneno ambayo macho hayayatambui mpaka sikio lisaidie.

Mengi ni juu ya listi. Mjane ameondolewa kwa sababu laini ya simu ina jina la marehemu mumewe. Familia mbili zinalala chumba kimoja, zikahesabiwa kuwa moja. Na karatasi sita, za mikono tofauti, zinasema jambo lile lile: anayeandikisha majina anaomba faranga 5,000 "za wino" ndipo jina lipande. Hakuna hata moja iliyomtaja. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu anaishi nao kwenye avenyu moja.

Sasa shida yangu. Juma lijalo wanakuja watu wa kuhakiki kama tunafuata Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu, zile ahadi za mashirika ya misaada kwa watu wanaowahudumia, ambazo ofisini tunaziita CHS. Mkuu wangu ameniletea fomu ya Kifaransa yenye mistari miwili: malalamiko yaliyopokelewa, 41; malalamiko yaliyofungwa, 41. Chini kuna mahali pa sahihi yangu. Nilimuuliza yamefungwaje. Akanijibu kwa upole, kwa sababu si mtu mkali: "Yalisomwa, yakaingia kwenye daftari, yakapelekwa juu. Kwa upande wetu yamefungwa."

Lakini mimi ndiye ninayepita njia ile kila siku. Watu 16 niliwarudishia jibu kwa mdomo wangu. Karatasi 14 nilizipeleka juu, kwa shirika kubwa, na hadi leo kimya. Kumi hazina jina wala namba. Juzi mama mmoja alinishika mkono karibu na kituo cha afya akauliza, "Barua yangu ilifika?" Nikasema ilifika. Akauliza, "Wakasema nini huko?" Nikakosa neno. Nimelala na swali hilo siku mbili.

[Palikuwa na aya moja hapa juu ya karatasi ya 41. Nimeifuta. Sababu iko chini, kwenye jibu la Mwana Bukavu.]

Naomba mniambie: kufunga lalamiko maana yake ni nini hasa katika kiwango hicho? Nikikataa kusaini, si ninawasaliti wenzangu walionipa kazi wakati sina kitu? Na hizi kumi zisizo na jina, nimjibu nani?

Kijana wa Katindo

Usisaini. Siku wakiuliza, jina litakalosomwa ni lako.

Mwana Bukavu

Dada, kabla ya yote fungua tena ulichoandika ufute aya ile ya karatasi ya 41. Sasa hivi. Hukumtaja yule msichana, lakini umetaja umri wake, mtaa na siku ya mgao. Mtu wa avenyu ile akisoma atamjua kabla hajamaliza sentensi, na aliyemfanyia vile atamjua mapema zaidi.

Jambo hilo halipiti njia ya sanduku. Halingoji Alhamisi, halisomwi mbele ya mwenzako, haliingii kwenye daftari la turubai. Lipeleke leo kwa mtu mmoja tu, yule aliyekabidhiwa masuala ya unyanyasaji wa kingono ndani ya shirika lenu. Kama humwamini, au kama ndiye anayetajwa, lipeleke kwa shirika linalowapa pesa. Wao wana mtu wa kazi hiyo, na mashirika ya Goma yana mtandao wa pamoja wa kuzuia unyanyasaji huo. Usimhoji msichana, usimtafute mtuhumiwa, usiitishe kikao. Kazi yako ni kufikisha. Na kama kulikuwa na shambulio, huduma ya afya haingoji uchunguzi: dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze kabla saa 72 hazijapita, ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Muda huo ukiwa umepita bado aende, matibabu mengine yapo.

Ukishafuta niambie, ndipo nitajibu maswali yako mengine.

Sanduku la Ndosho

Nimefuta. Nisamehe, na yeye anisamehe. Nimeshampigia mwenye jukumu hilo katika shirika kubwa, nakutana naye mchana huu.

Mwana Bukavu

Aksanti, dada. Umefanya vizuri na umefanya haraka.

Nimekuwa mkali kwa sababu nilikuwa Butembo wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Mnajua yaliyotokea. Tume huru iliyotoa ripoti yake Septemba 2021 ilihesabu watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika kazi ile, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Wanawake waliahidiwa kazi, kisha wakadaiwa miili yao. Na amri ya kukataza ilikuwepo tangu 2003! Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliiandika wazi: hakuna kubadilishana msaada, kazi wala pesa kwa ngono; hakuna ngono na aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi inasema vingine, hata kama mtu anadai alidhani ni mkubwa; na mfanyakazi mwenye wasiwasi lazima aripoti, iwe mhusika ni wa shirika lake au la jirani. Mabango yalikuwa ukutani. Nilipita mbele yake kila asubuhi. Ambacho sikukiona ni njia ambayo mama wa Butembo angeipita kwenda kusema, na akarudi nyumbani salama, na akaletewa jibu.

Sasa swali lako la kufunga. CHS ilitolewa Desemba 2014 na ikaandikwa upya mwaka 2024. Ina ahadi tisa. Toleo jipya linaanzia kwa watu wenyewe: watu na jamii wanaweza hiki, wanapata kile. Ahadi ya tano inasema wanaweza kueleza wasiwasi na malalamiko yao kwa usalama, na yakashughulikiwa. Mwenye kitendo hapo si ofisi. Ni yule mama aliyekushika mkono. Kama yeye hajui lalamiko lake limefikia wapi, basi halijafungwa, hata likiandikwa kwenye madaftari saba.

Kiwango hiki si sheria, hakuna atakayepelekwa korokoroni. Mtu anakikubali kwa hiari. Ila akishakikubali amewapa watu ahadi.

Mimi nina daftari lenye safu nne: limepokelewa, limepelekwa, limeamuliwa, mwenyewe ameambiwa. Safu ya nne haijazwi bila tarehe na mahali nilipomwambia. Ofisini nikiulizwa yangapi yamefungwa, nahesabu safu hiyo tu. Mwanzoni namba ilikuwa ya aibu. Niliipeleka hivyo hivyo.

Mratibu Himbi

Nawasalimu. Nitasema jambo ambalo huenda halitapendwa, na nalisema kwa sababu naratibu shirika la ukubwa huo huo. Mkuu wa huyu dada hakuzaliwa mwongo. Anaogopa, na najua anachokiogopa.

Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa wa miezi sita. Ndani yake kulikuwa na pesa za turubai, za lori, za wapakuaji, hata za fulana zenye nembo ya mfadhili. Za mtu wa malalamiko, sifuri. Kazi hiyo nilimwongezea mlinzi wa stoo, baba mwema ambaye hata kusoma kunampa shida. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia 2020 walau asilimia 25 ya pesa zifikie mashirika ya wenyeji bila mzunguko mrefu. Hapa kwetu mkataba bado unanifikia ukiwa umepita mikono mitatu, na kila mkono umebaki na chake. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha pesa zake, niliachisha watu 11 kati ya 14 ndani ya juma moja. Nilikuwa nawaita mmoja mmoja. Wa nane alikuwa mama wa watoto watano, alinifariji mimi.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akiona fomu yenye namba mbili, na namba hizo hazifanani, anaona nyumba ikianguka. Viwango vinaandikwa kwa ajili ya wote, lakini gharama ya kuvitimiza inabaki kwa aliye chini kabisa. Hilo nalo ni suala la uwajibikaji, na sioni sanduku la kulitumbukizia.

Hata hivyo simshauri asaini. Nimehakikiwa mara mbili. Mhakiki wa pili aliomba daftari, akaweka kidole kwenye mistari mitano bila kuchagua, akasema, "Nipeleke kwa hawa." Tulizunguka Himbi hadi Mugunga siku nzima. Mistari mitatu ilikuwa kweli, miwili haikuwa. Nilitamani lava initoke chini ya miguu. Pengo lililoandikwa wazi hupewa muda wa kuzibwa; lililofichwa likigunduliwa, kila karatasi nyingine uliyowahi kuandika inatiliwa shaka.

Mwambie mkuu wako hivi, dada: zile 14 haziko kwake, ziko kwa shirika kubwa. Azirudishe kwa maandishi, kila moja na tarehe iliyopelekwa. Atakuwa amesema kweli, na mzigo utakuwa umekaa mahali pake.

Mzee wa Bomba

Mwanangu, nimesoma nikakumbuka mbali.

Julai 1994 nilikuwa msaidizi wa fundi wa maji. Kati ya tarehe 14 na 17 mpaka ulifunguka na watu mamia ya maelfu wakaingia Goma kutoka Rwanda. Walipelekwa Kibumba, Katale, Mugunga. Kibumba hakukuwa na chemchemi. Ardhi ni mawe ya volkano: jembe linagonga na kurudi mkononi. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Maji yalifika kwa malori, na malori hayakutosha. Kipindupindu kikaja, kuhara damu kukafuata. Mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Maiti zilikuwa zimeviringishwa kwenye mikeka kando ya barabara, na askari wa Ufaransa walichimba makaburi ya pamoja kwa mashine. Sijawahi kuwaeleza wanangu yote niliyoyaona katika barabara hiyo, na leo pia sitaeleza.

Nataka mjue kwamba mashirika hayakukosekana. Yalikuwepo mengi mno, bendera kila mita mia. Wako waliojua kazi na waliookoa watu wengi, Mungu awalipe. Wako waliokuja na moyo bila ujuzi. Nakumbuka hema ambamo kijana mgeni alihangaika na mtu wa kipindupindu kama vile hajawahi kumwona mmoja. Baadaye nchi na mashirika yaliyotoa msaada yalifanya tathmini kubwa ya pamoja, ikatoka 1996, ikasema wazi kwamba katika vifo vile kulikuwa na ambavyo vingezuilika. Mwaka 1997 mashirika yakaanza mradi wa Sphere, wa kuandika viwango vya chini vya msaada, na kitabu chake cha kwanza kamili kikatoka mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akikuambia viwango ni mambo ya wazungu yaliyoletwa Goma, mjibu kwamba ni kinyume: vilitoka hapa, kwenye mawe haya, vikazunguka dunia, vikarudi vimeandikwa kwenye karatasi nzuri.

Mimi nilivipenda kwa sababu ya namba. Lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Watu wasiozidi 250 kwa bomba moja. Bomba lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka anapolala. Kungoja kusizidi nusu saa. Choo kimoja kwa watu 20. Mwaka 2023, katika eneo moja la wadeplase magharibi mwa mji, nilikaa juu ya jiwe tangu saa kumi na mbili asubuhi nikihesabu bido, yaani madumu ya maji. Bomba moja lilikuwa na watu zaidi ya 600. Nilipoenda kwenye kikao cha maji sikusema "watu wanateseka", maana kila aliyekuwemo alikuwa amelisema hilo. Nilisema: mia sita, na kitabu chenu kinasema mia mbili na hamsini. Waliongeza mabomba mawili baada ya siku tisa.

Lakini jibu kwa mlalamikaji halipimwi kwa lita, na hapo ndipo wengi wanapojificha. Basi jitengenezee kipimo. Andika kila karatasi imekaa siku ngapi bila jibu. Siku ndizo lita zako. Mpelekee mkuu wako namba hiyo kabla ya kumpelekea hasira.

Mama wa Wanne

Mwanangu mkubwa ndiye anayeniandikia hapa, mimi nasema yeye anabonyeza. Niko Mugunga. Natoka Masisi, nilikimbia mwanzo wa 2023 na watoto wanne.

Nimewasikiliza wote, mmesema maneno mazuri ya ofisi. Mimi nataka kusema kimya kinagharimu nini.

Tulipofika kwenye eneo walilotupanga, jina langu halikuwa kwenye listi ya turubai. Nikaambiwa nilalamike. Sanduku lilikuwepo, lakini liliwekwa mbele ya kibanda cha prezida wa eneo. Yeye anakaa pale anakunywa chai yake, anaona kila anayekunja karatasi. Na huyo prezida ndiye aliyekuwa anapanga majina. Sikutia kitu mle. Nilimwendea kijana mmoja aliyevaa jile, kizibao cha shirika, nikamwambia kwa mdomo. Akaandika. Akasema, "Utajibiwa."

Neno hilo lilinila. Kila asubuhi nilienda kungoja kwenye hema lao. Wakati huo nilikuwa nabeba mawe ya ujenzi, napata faranga 2,000 kwa siku. Anayengoja jibu habebi mawe. Wiki tatu nilikuwa naenda, nakaa mpaka saa nne, saa tano, nikifika kwenye mawe nakuta wenzangu wameshachukua kazi. Hesabuni wenyewe. Watoto walikula mara moja kwa siku, si kwa sababu ya vita peke yake, ila kwa sababu mtu mmoja alisema "utajibiwa" akaenda zake.

Baada ya wiki tatu yule kijana alikuja. Alikuja yeye mwenyewe, mvua inanyesha, akakaa juu ya bido yangu iliyopinduliwa. Akasema: "Mama, listi ilifungwa siku nne kabla hujafika. Turubai hutapata safari hii. Sabuni ya mwezi ujao utapata, jina nimeliona mwenyewe." Nilikasirika, nilimwambia maneno makali, naye akanyamaza akasikiliza. Alipoondoka nikalala usingizi. Kesho yake niliuza kitenge changu kimoja, nikanunua turubai iliyotumika, nikarudi kwenye mawe. Hapana yake ilinisaidia kuliko ahadi ya wote. Angekuja siku ya pili ningekuwa na faranga zangu.

Na hizo za wino. Nitasema, kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Nilizitoa. Mwaka jana, kwenye avenyu, si kwenye shirika lako labda. 5,000 ni mawe ya siku mbili na nusu. Jirani alitoa na jina lake likapanda, yule wa upande wa pili hakutoa na hakupata. Wewe ungefanya nini na watoto wanakutazama? Wanaokuja kutuuliza kwa nini hatukukataa, waulize kwanza kwa nini listi inaandikwa na mtu mmoja peke yake, nyumbani kwake, usiku.

Sasa zile kumi. Binti yangu, sisi tusioandika jina hatujakosa jina. Tumeliweka pembeni mpaka tuone wewe ni mtu gani. Usisumbuke kututafuta. Nenda bombani asubuhi, pale wote tunapopanga bido, usome majibu kwa sauti. Usiseme nani kaandika. Sema: kuna aliyeuliza juu ya laini ya simu ya marehemu, jibu ni hili. Kuna aliyeuliza kwa nini familia mbili zimehesabiwa moja, jibu ni hili, au jibu halijapatikana na nimelidai tarehe fulani. Soma kwa Kiswahili, halafu umpe mtu arudie kwa Kinyarwanda na kwa Kihunde. Aliyeandika atakuwa pale na bido yake, atasikia, hata hatageuza kichwa.

Mratibu Himbi

Mama, niliandika kwamba gharama inabaki kwetu tulio chini kabisa. Nimesoma maneno yako mara tatu. Nilikosea aliye chini kabisa ni nani. Naomba radhi.

Sanduku la Ndosho

Nawarudia baada ya siku tano. Aksanti, kila mmoja. Mama, maneno yako nimeyanakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sikusaini ile ya 41 na 41. Nilichukua fomu nyingine nikaandika kwa mkono: walioambiwa jibu, 16, zilizoko kwa shirika kubwa bila jibu, 14, zisizo na jina, 10, na jambo moja limepelekwa kwa njia yake, halielezwi hapa. Pembeni nikaandika siku, kama Mzee alivyosema. Iliyokaa muda mrefu kuliko zote ina siku 74. Ni ya yule mama aliyenishika mkono.

Nilimpelekea mkuu ofisini kabla wengine hawajafika. Alisoma, akaiweka mezani, akatoka nje akasimama kwenye uwanja muda mrefu. Nilidhani nimeshaipoteza kazi. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: "Hii ya siku 74 inauliza nini?" Nikamweleza. Ni mjane wa laini ya simu. Akasema, "Hiyo tungeweza kuijibu sisi wenyewe siku ile ile." Na ni kweli, tungeweza. Ilihitaji nyumbakumi na majirani wawili washuhudie kwamba yeye ndiye mkewe. Tuliipeleka juu kwa sababu tulizoea kupeleka juu. Kosa hilo ni langu pia, si la wakubwa peke yao.

Ameandikia shirika kubwa juu ya zile nyingine 13, kila moja na tarehe yake. Tatu zimerudi. Mbili ni hapana. Nimeshazifikisha kwa wenyewe, nikakaa, nikasikiliza hasira yao mpaka ikaisha.

Juu ya faranga za wino: sina jina na sitalitafuta, hiyo si kazi yangu. Lakini listi inayofuata haitaandikwa na mtu mmoja. Itaandikwa mchana kwenye uwanja wa kituo cha afya na watu watatu, mmoja wao mwanamke aliyechaguliwa na wadeplase wenyewe, kisha isomwe kwa sauti kabla ya kwenda kokote. Sanduku tumeling'oa ukutani pale, tumelihamishia nyuma, karibu na chumba cha chanjo, ambako kina mama wanaingia bila kuulizwa wameenda kufanya nini. Maandishi ya Kifaransa nimeyafunika. Sasa pameandikwa: "Sema. Tutakurudia kabla ya siku 14." Mkuu aliogopa kuandika namba. Niliogopa pia.

Wahakiki wanafika Jumanne. Mkataba unaisha mwezi ujao.

Zile kumi nitazisoma Jumatano bombani. Nimepata dada wa Kihunde na mzee mmoja wa Kinyarwanda wa kunisaidia. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi hivyo.

Mama wa Wanne

Bomba linafunguliwa saa moja. Njoo saa kumi na mbili na nusu, bido zikiwa bado tupu, maana maji yakianza kutoka hakuna atakayekusikia. Nitakuwa mstari wa mbele, bido ya manjano yenye kamba ya buluu.

Sanduku la Ndosho

Nitakuja, Mama.